Maneno ya Vyakula Yanayotupoteza

Mwezi uliopita alitujia kijana mmoja tuliyemfundisha Kiingereza, mkononi ana barua ya kuomba kazi ya upishi hotelini. Alitaka tuitazame kabla hajaipeleka. Tukasoma mstari wa kwanza, tukaona haya. Ameandika kwamba yeye ni "cooker" hodari, yaani, kwa Kiingereza, yeye ni jiko hodari! Mpishi ni "cook" tu. Lakini kosa si lake. Ni sisi tuliomfundisha kwamba "teach" ni kufundisha na "teacher" ni mwalimu, "farm" ni kulima na "farmer" ni mkulima. Naye akaifuata njia ile ile mpaka jikoni.

Wala hatuwezi kumcheka, maana sisi nasi tulianguka, tena mbele ya wazee. Twalikuwa na Biblia ya Kiingereza cha kale, ile iliyochapwa mwaka wa 1611, tukasoma katika Mambo ya Walawi habari za "meat offering". Bila kusita tukaeleza kuwa ni sadaka ya nyama. Mzee mmoja akafungua Biblia yake ya Kiswahili, mlango wa pili, akauliza kwa upole, "Mwalimu, nyama hiyo i wapi? Hapa naona unga, mafuta na ubani." Tukanyamaza. Kumbe zamani zile "meat" ilikuwa chakula cho chote, hata mkate! Hata leo "sweetmeat" ni kitu kitamu mfano wa halua, na nyama haimo.

"Corn" nayo ni mtego. Katika Biblia hiyo ni nafaka, kama ngano na shayiri. Bali Mmarekani akisema "corn" ataka mahindi. Basi mtu asidhani Ruthu aliokota mahindi shambani mwa Boazi. Mahindi asili yake ni Amerika, nayo hayakuvuka bahari kuja huku ila baada ya safari ya Columbus ya mwaka wa 1492.

Penye wali, Kiingereza ndicho maskini: mpunga, mchele na wali, vyote ni "rice". Ndiyo sababu mgeni huketi mezani akaomba mchele, nasi twampakulia wali wala hatumcheki sana.

Barua ya kijana tumeiandika upya pamoja naye, nayo imekwenda posta. Jibu halijaja bado.