Nilipohama FL Studio na wimbo wa mjomba mkononi

Hapa nimezoea kuwaletea mambo ya kuandika programu na seva. Leo nina kisa cha muziki, lakini msiondoke, kompyuta zimo.

Nilianza kutengeneza biti mwaka 2006. Rafiki alinipa CD iliyoandikwa kwa kalamu "Fruity Loops", ingawa programu yenyewe ilikuwa imeshabadilishwa jina kuwa FL Studio tangu 2003. Ndiyo, ilikuwa nakala ya wizi, sina la kujitetea. Nilipopata kazi nikanunua leseni halali, na uzuri wake ni kwamba ukilipa mara moja unapata matoleo yote yanayofuata bure. Basi nikakaa humo miaka kumi na minane. Vidole vilijua njia vyenyewe: F6 visanduku vya ngoma, F7 noti, F9 miksa.

Mwaka 2024 laptopu yangu ya Windows ikaanza kufa. Feni ilinguruma kama posho mill, na kila baada ya nusu saa inazima. Kazini natumia Linux kila siku, na FL Studio haina toleo la Linux. Nikaona huu ndio wakati wa kuhama. Nikachagua Reaper, ambayo Linux inayo. Mkuu wa waliyoiandika ni Justin Frankel, yule yule aliyetuletea Winamp mwaka 1997. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60.

Ningehama polepole, lakini binti mjomba akanipigia simu. "Kaka, naolewa Desemba. Ule wimbo wa baba uko wapi?"

Jamani, nilinyamaza. Mwaka 2016 nilimrekodi mjomba sebuleni kwake Kilifi, akiimba na gita lake. Niliahidi kuumalizia. Mjomba akafariki 2021, na wimbo ukabaki ndani ya laptopu hiyo hiyo inayokata roho.

Funzo la kwanza ni hili: faili ya mradi si muziki wako. Faili ya FL Studio hufunguka vizuri ndani ya FL Studio tu, na plagini zake ziwepo. Kwa hiyo kabla ya kuhama, toa kila traki peke yake kama WAV, zote zianzie sekunde ya sifuri. Nilifanya hivyo usiku mmoja, laptopu nimeiinua juu ya vitabu viwili, feni ya mezani ikiipulizia. Ilizima mara tatu. Mara ya nne nikapata zote, na nikanakili pia folda ya rekodi za mwanzo, zile ambazo sijazikatakata.

Wiki mbili za kwanza ndani ya Reaper nilikuwa kama mgeni asiyejua choo kiko wapi. Nabonyeza F6, hakuna kitu. Visanduku kumi na sita vya ngoma nilivyovizoea havipo. Unakuta ukurasa mtupu, unabofya mara mbili ndipo traki inatokea. Nilitaka kurudi, kweli.

Sasa, kwa kuwa sikujua bado kukata na kupanga vipande, ilibidi niweke ile rekodi ghafi ya mjomba na kuisikiliza tu, mwanzo hadi mwisho. Sikuwa nimewahi kufanya hivyo tangu 2016. Mwanzoni kabisa anasikika akisema, "Zima hicho kinachogonga, mjomba. Kinanipoteza." (Sisi tunaitana mjomba pande zote mbili.) Nilikumbuka nilivyocheka siku ile. Nilidhani mzee hajui kufuata mapigo, na baadaye nikalikata gita lake vipande vipande nikavibana ndani ya visanduku vyangu kumi na sita.

Safari hii nikahesabu kwa kidole mezani. Moja mbili tatu, nne tano sita. Mjomba alikuwa akipiga kwa sita, mwendo wa chakacha, na hakuwa amekosea hata mahali pamoja. Mimi ndiye niliyemwekea mapigo ya nne. Wala siilaumu FL Studio, maana mpangilio wa mapigo unabadilika humo pia. Nilikuwa sijawahi kuugusa miaka yote hiyo kwa sababu mazoea yalinitosha.

Wenzangu waandishi wa programu watapenda hili: faili ya mradi ya Reaper ni maandishi matupu. Niliifungua kwa kihariri kile kile ninachotumia kazini, nikakuta mstari TEMPO 120 4 4. Nikabadilisha mwisho wake kuwa 6 8. Kisha nikazima ile tabia ya vipande kunasa kwenye gridi, nikapiga ngoma kwa mkono kwenye kibodi ndogo ya MIDI, nikimfuata yeye badala ya yeye kunifuata mimi. Vile vipande vyangu vya zamani sikuvitumia hata kimoja.

Wimbo ulipigwa harusini. Ngoma zangu zinayumba kidogo mahali pawili na mtaalamu atazisikia. Mke wa mjomba alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akaniambia, "Ile uliyotuletea mwanzo haikuwa yeye. Hii ndiyo."

Leseni nimeilipia. FL Studio nayo sijaifuta moyoni, kwa biti za haraka bado naikumbuka. Ila wewe mwenye sauti ya mzazi au bibi ndani ya mradi wa zamani, usingoje mashine ianze kunguruma. Toa WAV leo usiku, na ile rekodi ghafi usiitupe.

Haya, nirudi kwenye seva zangu. Tuonane wiki ijayo, panapo majaliwa.