Usipake rangi kabla ya kupita mtaa wa leso

Ukifika Mombasa, msomaji, usikimbilie kuogelea baharini kabla hujapita Biashara Street. Mtaa huu uko karibu na Digo Road, si mbali na soko la Marikiti lenye harufu ya iliki na bizari, na kazi yake kubwa ni kuuza nguo, hasa leso. Zimeanikwa milangoni, zimetundikwa juu ya vichwa vya wapita njia, zimerundikwa rafuni hadi darini. Nyekundu, manjano, samawati, zambarau, kijani kibichi kama jani la mgomba. Mgeni kutoka bara husimama akashika kiuno, asijue aanzie wapi.

Nami nilisimama vivyo hivyo. Lakini sikuwa nimekwenda kununua leso ya kujifunga. Nilikwenda kutafuta rangi za sebule yangu ya Nairobi, na mkobani nilikuwa na leso moja kuukuu niliyoizungushia gazeti.

Huenda ukacheka. Mtu anayetaka rangi ya nyumba huenda hadiwea, akapewa kadi yenye vipande vya rangi chungu nzima, akachagua. Ndivyo nilivyofanya mara ya kwanza. Nilichagua samawati iliyonipendeza dukani, fundi akapaka kuta zote nne kwa siku mbili, nikamlipa. Kisha nikaanza kutafuta mapazia. Ya samawati yaligombana na ukuta. Ya manjano yalikifanya chumba kionekane kama kituo cha petroli. Makochi yetu ni ya kahawia, na sakafu ni ile ya saruji nyekundu ya mitaa ya zamani ya Eastlands, ambayo mwenye nyumba hakubali iguswe. Basi kila nilicholeta kilikataa kukaa na mwenzake. Na pesa zile, nikueleze ukweli, zilikuwa zimewekwa kando kwa ajili ya sare za watoto. Mume wangu hakusema neno, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko maneno.

Kosa langu, nilikuja kugundua baadaye, lilikuwa la mpangilio. Nilianza na kitu kilicho rahisi kubadilishwa na kumalizia na kilicho kigumu. Rangi ya ukuta yaweza kuchanganywa ikawa nyeupe zaidi au nyekundu zaidi, tone kwa tone, hadi uridhike. Kitambaa hakichanganywi. Kinakuja na rangi zake kama kilivyotoka kiwandani. Kwa hivyo kitambaa, au zulia, au picha, au chungu, au chochote kile unachokipenda na usichoweza kukibadilisha, ndicho kitangulie. Ukuta utakifuata.

Kitu chetu kilikuwa kisutu cha mama.

Msomaji wa bara asiyekijua kisutu, hii ni leso ya rangi tatu: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Ni miongoni mwa leso za zamani mno, na hadi leo huchapishwa kwa nakshi zile zile. Bibi harusi wa pwani hupewa. Mama alipewa chake na mamake, akakitunza miaka yote aliyoishi nasi Nairobi, na alipofariki mimi ndiye niliyekipata katika kugawana. Dada yangu mkubwa hakufurahi. Alisema kitu kama hicho ni cha kukaa sandukuni, si cha kupigiliwa misumari ukutani na mtu ambaye hata kupaka nyumba rangi kumemshinda. Maneno hayo nilisafiri nayo hadi Mombasa.

Siku hizi safari yenyewe si ndefu. Garimoshi jipya lilianza mwaka wa 2017, unapanda Syokimau asubuhi na kushuka Miritini mchana, kisha unatafuta matatu ya kukuingiza kisiwani. Waliolizoea lile garimoshi la zamani la usiku watakosa kuamkia minazi dirishani, lakini saa zimepungua sana. Kwa mtaa wa leso, lala Mombasa, uingie asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Siku ya Ijumaa usifike adhuhuri, maana wengi watakuwa msikitini.

Nilipokuwa nikitazama madirisha ya maduka, nilikumbuka jinsi jambo hili lote lilivyoanza. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso za kichapo, vitambaa vidogo vya mkononi ambavyo jina lake latokana na neno la Kireno, wakaviunganisha sita pamoja, viwili kwa vitatu, wakapata nguo moja pana. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaanza kuagiza nguo nzima iliyokwisha chapishwa. Baadaye maandishi yakaongezwa, mwanzo kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa hizi tunazosoma sasa. Duka la Kaderdina la mtaa huu huu limejulikana kwa miaka mingi kwa alama yake ya "Mali ya Abdulla" iliyochapishwa kwenye leso. Ni kusema kwamba tangu mwanzo leso ilikuwa kazi ya kuchagua na kuunganisha rangi, na waliochagua walikuwa wanawake wenyewe.

Niliingia duka mojawapo, nikafungua gazeti langu juu ya meza. Mwenye duka, mzee wa makamo mwenye miwani, hakukigusa kisutu kwanza. Alikitazama. Kisha akaleta kipya kutoka rafuni, akavilaza bega kwa bega na kuvisogeza mlangoni penye mwanga.

Hapo ndipo nilipoona nisichokiona kwa miaka yote. Chekundu cha kile kipya kilikuwa chekundu cha damu. Cha mama kilikuwa kimekuwa rangi ya tofali. Cheupe cha kipya kiling'aa kama karatasi. Cha mama kilikuwa malai. Na cheusi chake kilikuwa kimelegea kikawa rangi ya makaa yaliyozimika.

"Wataka upi wekundu?" mzee akaniuliza.

Mama mmoja wa buibui aliyekuwa akichagua doti kando yangu aliinama akakishika kile cha zamani kwa vidole viwili. "Hiki usikifue tena, mwanangu," akasema. "Hiki ni cha kuwekwa. Lakini rangi zake ni hizi, si zile."

Nikanunua kile kipya pia, doti nzima, na nitakwambia sababu yake. Lakini rangi za nyumba nilizichukua kwa mama. Rangi zilizopigwa na miaka huishi pamoja bila ugomvi. Ukitaka kujua ninachosema, tembea Mji wa Kale dakika chache kutoka hapo, utazame milango ya mbao nyeusi kwenye kuta za chokaa iliyoanza kugeuka. Hakuna hata kimoja kinachopiga kelele.

Sasa sikiliza jinsi chumba kilivyofuata. Kwanza nilikitandaza kisutu juu ya meza nikakikodolea macho. Leso ina sehemu zake: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na mahali pa jina. Katika hiki, nyekundu ndiyo iliyotawala, malai ikajificha katikati ya nakshi, na nyeusi ikachora mistari. Mjinga wa kwanza angepaka kuta nyekundu. Mimi nilikaribia kufanya hivyo. Lakini leso huzunguka mwili wa mtu mmoja, na mtu huyo hutembea akaondoka. Ukuta haundoki. Kwa hivyo ugeuze mpango: ile rangi tulivu kuliko zote, hata kama ni ndogo kwenye kitambaa, ndiyo uipe kuta. Ile inayopiga kelele ipe mahali padogo. Wanaofanya kazi ya kupamba nyumba hupenda kuhesabu sitini, thelathini na kumi kwa mia, na hesabu hiyo si mbaya kama mwanzo, ingawa hutahitaji kupima kwa rula.

Kuta zetu zikawa malai. Hazikuwa malai ya kadi. Nilikipeleka kisutu chenyewe hadiwea, nikasimama nacho mlangoni kwenye mwanga wa nje huku kijana akichanganya. Usiamini kumbukumbu yako kuhusu rangi. Yakwambia uongo kabla hujafika kituo cha basi. Nikanunua lita moja tu ya rangi ya maji, nikapaka kipande cha mbao, nikakiegemeza ukutani siku tatu. Nilikitazama asubuhi, nikakitazama jioni, nikakitazama usiku chini ya taa. Balbu yetu nyeupe ilikifanya kionekane kama maziwa yaliyoharibika. Nikabadilisha balbu badala ya rangi, na hiyo ilikuwa nafuu zaidi.

Angalia pia dirisha lako linatazama wapi. Nairobi iko kusini kidogo tu ya ikweta, hivyo mwezi wa Juni na Julai jua hupita upande wa kaskazini, na Desemba upande wa kusini. Dirisha letu linatazama kusini. Maana yake, katika miezi ile ya baridi na mawingu ambapo watu huhitaji joto la macho, sebule yetu haiguswi na jua kabisa. Samawati yangu ya kwanza ilikuwa imeongeza baridi juu ya baridi. Dukani sikuijua, kwa sababu dukani kulikuwa na taa kumi.

Sakafu nyekundu, ile niliyokuwa nikiilaani, iligeuka kuwa rafiki. Ilikuwa ni rangi ya tofali ya mama, tayari imelala pale chini bure. Mapazia nilishona ya malai yaliyozidi ukuta kidogo kwa ukolevu. Nyeusi nikaitia kwa uchache mno: fremu mbili za picha na miguu ya meza.

Kile kisutu kipya ndicho kilichofanyiwa kazi. Nilikifua mara nne kabla ya makasi kukigusa, maana leso mpya ina wanga, na nyekundu yake hutoka. Wengine hutia chumvi. Mimi naamini maji baridi, na kukifua peke yake, mbali na mashati ya shule. Kisha nikakipa fundi akashona mito minne ya makochi. Unaweza kufanya hivi hivi kwa leso yoyote uipendayo, lakini soma jina lake kwanza. Jirani yangu alishona mto wa leso iliyoandikwa "Hasidi hana sababu," na mama mkwe akaukalia alipokuja kuwatembelea. Hadi leo anauliza ule mto ulikuwa ukisemeshwa nani.

Cha mama hakikupigiliwa msumari. Nilikishikiza kwa uzi juu ya kitambaa cheupe cha pamba, upindo wa juu nikaupitisha ufito, na ufito ndio uliotundikwa. Nilichagua ukuta ambao jua haliufikii hata Desemba, kwani nyekundu hiyo imekwisha poteza ya kutosha.

Dada yangu mkubwa alikuja mwezi huo huo wa Desemba. Aliketi kwenye kochi, mto mmoja mapajani, akautazama ukuta ule kwa muda mrefu bila kugusa chai yake. Nilingojea maneno. Mwishowe aliniuliza kama katika lile debe la malai kulibaki rangi yoyote.

Ilikuwa imebaki kama lita mbili. Aliondoka nayo jioni, imefungwa kwa karatasi ya nailoni ili isimwagike ndani ya matatu.