Daftari la Madeni la Shangazi

Namshukuru Mungu kwa kunifikisha hapa. Haya nakuandikia wewe unayekesha mbele ya kompyuta, kodi hujalipa, na hujui usome nini kwanza.

Kiwanda nilikokuwa karani kilipopunguza watu, nilirudi Tanga kwa shangazi na wanangu wawili. Nilisikia wanaojua kuandika programu hawakosi kazi. Nikaanza na lugha ya Python, maana wengi husema ndiyo nyepesi. Sijafika mbali, mtu akaniambia kazi ziko kwenye JavaScript. Nikahamia huko. Mwingine akasema siku hizi ni simu tu, soma Kotlin. Kila nikianza kushika kimoja, nasikia kingine ndicho chenye ulaji.

Ikaingia Ramadhani. Akiba imekwisha. Nadaiwa. Usiku mmoja nikataka kuandika programu ya kujumlisha tu. Sikuweza. Vidole vinatetemeka. Nikafunga kompyuta. Nikalia kimya kimya, watoto wasisikie. Nikaona sifai kitu. Shangazi alikuwa macho, anapika daku. Hakuniuliza neno. Akaniwekea uji mbele yangu. "Kunywa, mwanangu. Alfajiri tutaomba."

Baada ya Idi akanipa daftari la madeni la duka lake. "Hili linanishinda. Hebu litie kwenye hiyo mashine yako." Kurasa zilikuwa zimelowa mafuta ya taa. Deni la unga limekatwa kwa mstari, likaandikwa tena pembeni, likakatwa tena.

Nikarudi kwenye Python. Programu ya kwanza ilijumlisha vizuri, lakini ukiifunga, madeni yote yanapotea. Shangazi alicheka: wadaiwa wangeipenda sana! Safari hii sikumuuliza mtu nisome nini. Nilihitaji pa kuhifadhia, nikasoma SQL, lugha iliyopo tangu miaka ya 1970, kwa kutumia SQLite, ambayo huja pamoja na Python na haihitaji intaneti. Shangazi akataka kujua nani amepitisha mwezi hajalipa, nikasoma mahesabu ya tarehe. Duka ndilo lililonipangia masomo.

Jirani mwenye duka la dawa akaiona, akanilipa nimtengenezee ya kwake. Leo kazi hiyo ndiyo inayotulisha. Lakini simu ikiita mwisho wa mwezi, moyo bado hunipiga paa.

Ndugu yangu, usilie peke yako. Waambie watu wa nyumbani hali yako leo hii, kisha waulize wana daftari gani linalowashinda. Nakuombea.