Nilimjengea bibi bafu la Kizungu, akagoma kuoga!

Wiki hii mnivumilie, maana nawapeleka bafuni. Tena si bafu la hoteli ya kitalii, ni la uani kwa bibi yangu, Mitole, wilaya ya Kilwa. Cheka utakavyo, lakini bafu hili limenitoa jasho na machozi, na akiba yangu ya mwaka mzima imeishia humo.

Aliyeyaanzisha ni shangazi. Alifanya kazi za ndani Dar es Salaam kwa familia moja ya Waswidi, na walipohama wakamwachia vyombo na kitabu kinene cha picha cha IKEA, lile duka la samani la Kiswidi lililoanzishwa mwaka 1943. Vitabu hivyo vilitoka kila mwaka, mpaka kampuni ilipotangaza mwaka 2020 kwamba inaacha kuvichapa. Shangazi alikitumia chake kufungia sahani. Mimi katika kufungua sahani nikakutana na bafu.

Jamani! Kuta nyeupe pee. Sakafu nyeupe. Benchi la mbao, taulo moja, jani moja kwenye glasi, basi. Hakuna ndoo iliyopasuka, hakuna gauni kwenye msumari. Nikaukata ule ukurasa nikaubandika ukutani, kama wenzangu wanavyobandika wachezaji wa Simba na Yanga.

Sasa linganisha na bafu la bibi. Makuti pande tatu, upande wa nne khanga chakavu ndiyo mlango. Chini sakafu ya niru aliyoipiga marehemu babu, laini kama kioo. Masika moja bibi akateleza humo. Mkono ukavunjika, akakaa na plasta wiki sita.

Mkono ulipona, bibi hakupona. Akawa anaogopa kuingia bafuni peke yake. Ananiita nimshike, nikimshika anaona haya, anageuzia uso kwenye makuti. Siku moja akaniambia, "Mke mwenzangu, mimi ndiye niliyekuogesha wewe. Usinigeuzie dunia." Toka hapo akawa ananawa uso na miguu tu, siku zinapita. Bibi huyu alikuwa akitoka kuoga anaacha harufu ya liwa njia nzima! Iliniuma, nikaapa nitamjengea bafu la ule ukurasa.

Fundi alikuwa baba mdogo, maana yeye ni mwashi na kwangu hawezi kudai malipo kwa ukali. Nilimwambia nataka marumaru nyeupe mpaka juu. Akanitazama kama mtu aliyeona mgonjwa. "Mwanangu, una hela au una picha?" Nilikuwa na picha. Akasema tupige lipu, tupake chokaa. Mimi nikanuna, chokaa si mambo ya kizamani?

"Kwani hapa Kilwa ukuta mweupe umeletwa na Waswidi?" akaniuliza.

Hapo nikakumbuka safari ya shule. Tulipanda boti Kilwa Masoko tukavuka kwenda Kisiwani, tukapelekwa Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1300. Lina bwawa la kuogea lenye pembe nane, la mawe ya matumbawe na chokaa, na ukisimama ukingoni unaiona bahari chini yako. Wenzangu walikuwa wanapiga kelele na kula maandazi, mimi nikabaki nalishangaa hilo bwawa. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, enzi za sultani huyohuyo. Yaani wakubwa wa kwetu walikuwa na bafu la maana miaka mia sita kabla ya hiyo IKEA kuzaliwa!

Zamani chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe kwenye tanuri la magogo. Siku hizi tunaambiwa tuyaache matumbawe baharini, ndiko samaki wanakozaliana, kwa hiyo tulinunua ya mfuko. Tuliichanganya na maji na chumvi kidogo ili ishike ukutani, tukailaza usiku kucha, kisha tukapaka mikono mitatu myembamba. Ukitaka kujaribu, funga kitambaa usoni. Chokaa inaunguza, na ikikuingia jichoni utamkumbuka mama yako.

Kwenye sakafu nilitumia akili. Niru sikuitaka tena. Tulimwaga saruji nyeupe, na kabla haijakauka tukaikwaruza mistari kwa ufagio wa chelewa ili mguu usiteleze. Ngazi ya kushukia nayo nyeupe. Seremala akaleta benchi la mninga, zuri, la kahawia inayoelekea wekundu. Mimi huyo, nikalipaka rangi nyeupe! Seremala nusura alie. Akasema hajapata kuona mtu anayenunua mninga halafu anauficha. Nilimjibu huo ndio mtindo wa Skandinavia, akaondoka anatikisa kichwa.

Siku ya ufunguzi, saa nane mchana, jua limesimama na paa hakuna, nikamchukua bibi mpaka mlangoni. Akainua mguu. Ukabaki hewani. Akapapasa kwa mkongojo, kushoto, kulia, kisha akarudi nyuma.

"Mbona bafu lenu halina chini?"

Nikacheka, nikadhani utani. Bibi hakucheka. Aligeuka, akarudi kwenye makuti yake akanawa miguu. Kesho yake vilevile. Keshokutwa vilevile. Mimi hasira zikanipanda, akiba yangu yote imelala pale, mtu anaipita kama banda la kuku. Nikamwambia bibi hana shukrani.

Neno hilo nimelitamka mimi kwa kinywa changu, kwa mtu aliyenilea. Bibi alinyamaza. Usiku, taa imeshazimwa, ndipo akasema polepole kutoka kitandani kwake, "Mjukuu wangu, macho yangu yana ukungu. Cheupe juu ya cheupe sikioni. Hata siku ile niliyoanguka, maji sikuyaona."

Mwaka mzima alikuwa ametuficha. Aliogopa tukijua tutamzuia kupika na kwenda shamba. Na sisi, nyumba nzima, tulikuwa tumeshailaumu niru ya marehemu.

Sikulala. Nikautazama ule ukurasa kwa tochi, nikaanza kufikiri jambo ambalo nilipaswa kulifikiri kabla ya kununua saruji. Shule walitufundisha jiografia. Stockholm mwezi wa Desemba wanaliona jua kama saa sita tu kwa siku, na kaskazini kabisa mwa Finland halichomozi kwa wiki kadhaa. Mtu wa huko anapaka nyumba nyeupe ili akitege kile kimwanga kidogo anachopata. Sisi jua tunalo saa kumi na mbili, Januari mpaka Desemba, tena la kuchoma. Nilimwekea mzee mwenye mtoto wa jicho ukuta mweupe, sakafu nyeupe na jua la saa nane. Hata mimi mwenye macho mazima nilikuwa nakunja uso humo ndani.

Asubuhi nikamwomba radhi. Akaniuliza, hao wenye bafu hilo ni watu gani? Nikamwambia Waswidi, Wanorwe, Wadeni, na majirani zao Wafini. (Wajuzi wanasema Finland si Skandinavia hasa. Sawa, lakini mimi naongea na bibi.)

"Wafini? Si ndio wale wa pampu?"

Ndio haohao. Watu wazima wa Kusini wanawafahamu, maana miaka ya 1970 Finland iligharamia mradi wa maji vijijini katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Nikamweleza kwamba kwao wana chumba cha mbao, wanakiwasha moto, wanakaa kwenye benchi wanatoka jasho, na zamani wanawake wao walijifungulia humohumo. Bibi akatulia. "Kumbe wana adabu zao. Wanaoga wamekaa." Kisha akaongeza, "Hilo benchi nilitaka. Nililipapasa sikulipata."

Basi bwana, kazi ikaanza upya. Seremala alirudi na msasa akaikwangua rangi yangu yote, huku anapiga mluzi wa ushindi, na mninga ukarudi na wekundu wake. Baba mdogo akapaka rangi nyekundu ya sakafu kwenye ukingo wa ngazi na njia nzima mpaka kwenye benchi. Tukachomeka mti mweusi ukutani wa kushikia. Juu tukaezeka nusu kwa makuti ili jua lipunguzwe makali. Kuta zimebaki nyeupe, hapo sikukubali kushindwa.

Na macho pia tumeanza kuyashughulikia. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, na hela ya kwenda huko ndiyo natafuta sasa, kwa hiyo mhariri asicheleweshe malipo yangu.

Juzi jioni nilimpeleka tena. Akautafuta ule mstari mwekundu kwa mkongojo, akaukanyaga, akashuka. Akashika mti, akakaa kwenye mninga. Nikasogeza ndoo, nikakunja kanzu nilowe naye.

"Wewe unangoja nini?" akaniuliza. "Toka. Na hilo taulo jeupe ondoka nalo, niletee khanga yangu."

Nikaleta khanga, nikafunga mlango. Nikalisikia kopo likigonga ndoo, halafu maji.