Anayeuguza asishike mwiko

Mjukuu wangu,

Nimesikia baba mkwe wako alishikwa na kipindupindu, sasa ameruhusiwa kutoka kituo cha afya na wewe ndiye unayemuuguza. Mungu akupe nguvu.

Usimwogope mzee. Kipindupindu hakiruki hewani. Hutoka kwenye kinyesi na matapishi, kikapanda mkononi, kikaingia kinywani. Kwa hiyo anayemsafisha na kumfulia asishike mwiko. Jikoni aingie wifi yako. Ukibaki peke yako, pika kwanza, ndipo uende kwa mgonjwa.

Nawa kwa sabuni kila utokapo kwake au chooni, na kabla ya kugusa chakula. Sabuni ikiisha, jivu linafaa. Lile bakuli la kunawia tunalozungusha mkekani kabla ya kula, liwekeni kando: wa mwisho hunawa uchafu wa wote. Mtu amiminiwe maji kwa kopo.

Mzee awe na ndoo yake. Changanya kikombe 1 cha jiki ya asilimia 3.5 na vikombe 6 vya maji, upangusie sakafu na ndoo. Mikono usinawie hayo, yatakuchubua. Uchafu umwage chooni, si mtaroni. Mashuka usiyapeleke kisimani wala mtoni. Yachemshe dakika 5, uyaanike juani. Godoro livalishe nailoni.

Maji ya kunywa yachemshe mpaka yatokote, uyafunike, na yachotwe kwa kata yenye mpini. Asiwepo wa kutumbukiza bilauri.

Dawa ya chumvichumvi ni pakiti 1 kwa lita 1 ya maji hayo yaliyochemshwa na kupoa. Kila anapoharisha, anywe bilauri nzima. Akitapika, ngoja kidogo, kisha mpe kidogo kidogo. Iliyopitisha saa 24 imwage. Macho yakizama, mkojo ukikata au akishindwa kunywa, mrudisheni kituoni usiku huohuo, mkimnywesha njiani. Na yeyote hapo nyumbani akianza kuharisha, msingoje kukuche.

Majirani watakuja kumjulia hali. Weka ndoo ya koki na sabuni mlangoni, wanawe wakiingia na wakitoka. Usione haya, anayekupenda hatachukia. Mzee akipata nafuu msilegeze, maana vijidudu huendelea kutoka siku kadhaa baada ya kuharisha kukoma.

Nisalimie wote, na mumeo mwambie kuchota maji si kazi yako peke yako.

Bibi yako