Tela la mbao na mzee wangu

Kimya changu kilikuwa na sababu: nilikuwa uani kwetu Tabata na baba, tunajenga tela la mbao la kulala watu wawili.

Wazo nilitoa kwa Wamarekani. Mwaka 1947 jarida la Mechanix Illustrated lilichapa ramani ya tela dogo lenye umbo la tone la maji, mtu alijenge mwenyewe nyumbani. Ndani ni kitanda tu. Jiko liko nyuma, unalifunua kama buti ya gari.

Baba ni seremala. Tangu macho yaanze kumsumbua hapewi kazi, anashinda barazani na redio yake. Nilimwomba anishikie ubao tu. Wiki ya pili yeye ndiye fundi, mimi saidia fundi! Fremu tulichomelewa juu ya ekseli ya pikapu chakavu. Plaiwudi tulikata wenyewe. Kila ukingo baba aliupaka rangi mara tatu, maana maji huanzia pale kuozesha.

Safari ya kwanza, Morogoro. Nikapakia madumu mawili ya maji ya lita 20, mkaa na masufuria, vyote kule jikoni nyuma.

"Mzigo peleka mbele," baba akasema.

"Baba, ramani ninayo mimi."

Akanyamaza. Ni kama nilimrudisha barazani kwenye redio yake.

Tulipopita Mlandizi, mwendo wa kilomita 80 kwa saa, tela likaanza kuyumba. Kushoto, kulia, linazidi tu, na mbele linakuja lori. Mguu wangu ukakimbilia breki.

"Usikanyage! Achia mafuta, shika usukani!"

Nikaachia. Tela likatulia, lori likapita na honi yake.

Tukasimama. Baba akashuka, akahamishia madumu mbele ya ekseli, akainua mkono wa tela kupima uzito. Wataalamu wanashauri asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela iegemee kwenye gari. Yeye hakusoma popote. Ujana wake alisukuma mkokoteni wa mbao.

Nikamwomba radhi. "Endesha," akasema, "jua linakwenda."

Usiku ule tulilala ndani ya tela, bega kwa bega, chini ya milima ya Uluguru. Mara ya mwisho kulala karibu na baba nilikuwa sijaanza shule. Asubuhi akaniuliza, "La pili tunaanza lini?"

Mwenye mzee nyumbani ampe kazi. Halafu amsikilize.

Wikiendi njema!