Korongo Wanaongojwa

Huko Polandi, kandokando ya mto Biebrza, kuna kinamasi kikubwa kilichofanywa hifadhi mwaka 1993. Baridi ikipungua, karibu na sikukuu ya Kupashwa Habari Bikira Maria, tarehe 25 Machi, watu huenda huko na darubini na kupashana habari: "Korongo wa kwanza amefika!"

Korongo weupe wa Ulaya, wenye miguu myekundu, hupita pia kwetu Afrika Mashariki, wakila nzige na panzi. Mwaka jana niliona vijana wakiwapiga kwa manati, nikapita kimya. Sasa najiuliza: ni nani huko aliyetazama kiota kitupu juu ya paa? Wazazi, tuwakanye watoto. Mimi nimeanza na wangu.